Yapime maji kabla ya kununua mabomba

Vijana wanaokuja kwangu Usa River kuuliza habari za kilimo bila udongo huwa wameshanunua kila kitu. Wana mabomba ya plastiki yaliyotobolewa, wana pampu, trei za miche, mifuko ya mbolea A na mbolea B, na mfukoni wana kalamu ya kupimia pH. Wengine wamechukua mkopo wa halmashauri kwa ajili hiyo. Kitu ambacho sijakiona mkononi mwa yeyote kati yao ni karatasi inayoeleza maji yake yana nini.

Simlaumu kijana hata mmoja. Hakuna aliyemwambia. Muuzaji alikuja akapima eneo la kitalu nyumba, akamhesabia matundu ya letasi, akamtajia faida ya kila mwezi, akaondoka. Maji hayakuulizwa. Na hiki ni kilimo ambacho mmea haupati kitu kutoka popote isipokuwa kwenye maji.

Ninachokitaka ni kimoja. Asiuziwe mtu mfumo wa haidroponiki, wala asipewe mkopo wa kuununua, kabla maji yake hayajapimwa bikaboneti. Sisemi pH, nasema bikaboneti. Tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo inayoharibu letasi na stroberi za watu hapa Arusha, na naomba msomaji anivumilie niieleze, kwa kuwa niliifundisha darasani miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kulima.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa kwa ajili ya kazi ya kutengeneza bia. Saba ni katikati. Chini ya saba maji yana asidi, juu ya saba yana alkali. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 8 kushuka hadi 6 si hatua mbili ndogo, ni mara mia moja. Mizizi iliyo ndani ya maji hustawi pH ikiwa kati ya 5.5 na 6.5.

Sababu ni kwamba chakula cha mmea ni chumvi, na mmea hauwezi kula chumvi isiyoyeyuka. Maji yakipita 7, chuma huacha kuyeyuka, hugeuka kutu na kutulia chini ya tangi. Manganizi nayo hufuata. Fosforasi hushikana na kalsiamu, ikawa unga mweupe usiomfaa mtu. Upande wa pili, maji yakishuka chini ya 5, mizizi hushindwa kuvuta kalsiamu na magnesiamu inavyotakiwa, na yakikaribia 4 mizizi yenyewe huungua. Mbolea ipo, imelipiwa, imepimwa kwenye mizani, na bado mmea una njaa.

Dalili ya njaa ya chuma ni rahisi kuiona na ni rahisi kuisoma vibaya. Majani machanga, yale ya katikati, hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima akiona manjano anadhani mbolea haitoshi, anaongeza. Chumvi zinazidi, ncha za majani zinaungua, sasa anadhani ni ugonjwa, ananunua dawa ya ukungu. Nimeingia kwenye vitalu nyumba ambamo dawa ilikuwa imepulizwa juu ya letasi zisizo na ugonjwa wowote, na chini ya tangi kulikuwa na tope la rangi ya kutu. Chuma walichokuwa wakikitafuta madukani kilikuwa pale pale.

Basi mtu atauliza, kwa nini asiishushe tu hiyo pH? Anaishusha. Wote wanaishusha. Jioni wanamwaga asidi, kalamu inasoma 5.8, wanalala wamefurahi. Baada ya siku moja au mbili inasoma 7.4. Wanamwaga tena. Ndipo wanapokuja.

“Shikamoo mwalimu. Hii pH haikai.”

“Marahaba mwanangu. Maji unayatoa wapi?”

“Kisimani.”

“Kisima cha wapi?”

Akinijibu Maji ya Chai, au Ngaramtoni, au Oldonyo Sambu, naanza kuelewa kabla hajamaliza.

Kalamu ya pH inakwambia maji yako wapi sasa hivi. Haikwambii yatakaidi kiasi gani ukijaribu kuyasogeza. Ukaidi huo unatokana na bikaboneti. Asidi ikiingia kwenye maji, haiendi kushusha pH moja kwa moja, inakutana kwanza na bikaboneti na kumezwa nayo, vikigeuka pamoja kuwa maji na hewa ya kaboni dioksidi. Ni kama mtu mwenye deni dukani: mshahara ukitoka unalipa kwanza daftari la mwenye duka, kabla haujanunua hata kilo moja ya sukari. Na maji mawili yanaweza kusoma pH ile ile huku daftari la moja likiwa na mstari mmoja na la jingine likiwa limejaa kurasa.

Nitaweka hesabu, kwa sababu bila hesabu watu hudhani natia chumvi. Chukua matangi mawili ya lita 1,000, yote yakisoma pH 8. La kwanza lina bikaboneti miligramu 30 kwa lita. La pili lina miligramu 305. Unataka kuyafikisha yote 5.8 kwa asidi ya fosforiki ya asilimia 85. Tangi la kwanza litahitaji kama mililita 26, ambazo hazijazi hata kikombe cha kahawa. La pili litahitaji takriban mililita 260, zaidi ya robo lita. Kalamu ni ile ile, namba ya kuanzia ni ile ile, asidi imezidi mara kumi. Na shida haiishii hapo. Robo lita ile imeingiza fosforasi zaidi ya miligramu 100 kwa kila lita ya maji, wakati fomula nyingi za letasi hutaka 30 hadi 50. Mkulima ameondoa ugonjwa mmoja ameleta mwingine, na kwenye karatasi ya fomula yake haionekani kokote, kwa kuwa aliyeiandika fomula hakuhesabu asidi kuwa mbolea.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo na fomula zinazosambazwa kwenye simu. Nyingi zina ukoo na mwongozo wa kukuza mimea ndani ya maji ambao Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California waliuchapisha mwaka 1938, nyingine zimetoka Uholanzi. Ni kazi nzuri, naziheshimu. Lakini wakulima wa Uholanzi huvuna mvua kutoka kwenye mapaa ya vitalu nyumba vyao, na mvua haina bikaboneti ya kuzungumzia. Fomula iliyotungwa kwa maji ya mvua ikiletwa kwenye kisima cha Arumeru haibaki fomula ile ile.

Maji yetu yana historia yake. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina sodiamu nyingi. Mvua inayopenya kwenye miamba hiyo inatoka upande wa pili ikiwa imebeba bikaboneti ya sodiamu, yaani ndugu wa karibu wa magadi. Ukienda kaskazini utakuta Ziwa Natron, na kando yake Oldoinyo Lengai, volkano hai pekee duniani ijulikanayo kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Tunakaa kwenye ukanda wa magadi, na visima vyetu vinasema hivyo.

Kuna dalili nyingine ambayo kila mwenyeji wa hapa anaifahamu bila kupelekwa maabara, nayo ni meno. Floridi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wanaokua wakinywa maji hayo. Floridi na bikaboneti husafiri pamoja kwa sababu ya kikemia: kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floridi na kuituliza iwe jiwe, lakini katika maji yenye bikaboneti nyingi ya sodiamu kalsiamu huwa chache, hivyo floridi inaendelea kuyeyuka. Kwa hiyo kijana anayetaka kulima bila udongo mahali ambapo waliozaliwa na kukulia hapo wana meno yenye madoa, na anatumia maji yale yale ya kisima, ana sababu ya kushuku bikaboneti kabla hajagusa kalamu. Ni shuku tu, si kipimo. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, na baadhi ya chemchemi za mlimani maji yake ni laini. Ndiyo maana nasema yapimwe.

Unguja mambo ni mengine. Kule maji hutoka kwenye mawe ya chokaa ya matumbawe, bikaboneti yake imeambatana na kalsiamu, ndiyo maana mabirika hupata ukoko mweupe. Mkulima wa Unguja akishamaliza bikaboneti kwa asidi, anabaki na kalsiamu ambayo mmea unaihitaji, anapunguza tu mbolea ya kalsiamu naitreti. Sisi wa Meru tukimaliza bikaboneti tunabaki na sodiamu. Asidi haiiondoi sodiamu. Mmea hauihitaji, stroberi hasa haiipendi, na katika mfumo ambao maji yale yale yanazunguka wiki hadi wiki sodiamu inajikusanya, kwa kuwa mmea unakunywa maji na kuiacha. Mtu aliyepata mafanikio Zanzibar akaja kuwafundisha watu wa Ngaramtoni kwa kutumia daftari lake la Zanzibar atawapoteza, hata kama ni mkweli na ana nia njema.

Nirudi kwenye pH inayopanda, kwa kuwa bikaboneti si sababu pekee. Mmea wenyewe huipandisha. Ukivuta nitrojeni iliyo katika umbo la naitreti, mizizi huachia alkali ndani ya maji. Ukivuta ile ya amonia, mizizi huachia asidi. Fomula za letasi huwa na naitreti karibu tupu, kwa hiyo tangi lenye mimea inayokula vizuri litapanda taratibu kila siku, na kupanda huko ni habari njema. Watu wengi hawalijui hili, wanaikimbiza namba asubuhi na jioni: wakiona 6.1 wanatia asidi, ikishuka 5.4 wanatia potasi ya kupandisha, kesho tena asidi. Kila tone ni chumvi imeongezeka kwenye tangi. Iacheni itembee kati ya 5.5 na 6.3. Ikivuka hapo ndipo mkono uingie. Fomula yenye sehemu ndogo ya nitrojeni katika umbo la amonia, kama asilimia tano hadi kumi, husaidia kutuliza mwendo huo, ingawa wakati wa joto kali siiongezi, letasi huumia.

Sasa asidi ipi? Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na majibu yaliyoko mitaani yananitia hofu.

Kuna wanaokamua ndimu. Juisi ya ndimu inashusha pH kweli, lakini asidi yake ni chakula cha bakteria. Wakishaila, pH inarudi ilikotoka, na mizizi inabaki na utelezi. Siki ni hivyo hivyo. Kwa kupima kitu kwa siku moja sina ubishi, kwa kulimia hapana.

Kuna wanaotumia maji ya betri za magari. Hapa sitapunguza ukali wa maneno. Asidi iliyomwagwa kutoka kwenye betri kuukuu ina risasi ndani yake, na letasi ni mboga tunayoila mbichi. Asiyejali afya ya mteja wake asilime chakula. Hata asidi mpya ya betri haikutengenezwa kwa kipimo cha kitu kitakacholiwa, na isiyo na lebo haifai hata kubebwa kwenye bodaboda.

Kuna wanaonunua kichupa kilichoandikwa tu kwamba kinashusha pH. Hakisemi ni asidi gani. Hakisemi ni asilimia ngapi. Nimeona vichupa vya namna hiyo vikiuzwa pamoja na mfumo mzima, na mkulima ameambiwa aweke “kifuniko kimoja kwa tangi”. Kifuniko kimoja cha nini, kwa maji ya wapi? Kama ni asidi ya fosforiki ameongeza fosforasi. Kama ni ya naitriki ameongeza nitrojeni, na anapaswa kuipunguza kwenye mbolea. Kama ni ya sulfuriki ameongeza salfa. Mashamba makubwa ya maua hutia asidi kwenye maji yake kwa mashine, na wataalamu wake huihesabu hadi gramu ya mwisho kwenye hesabu ya mbolea. Mkulima mdogo ana haki ya kufanya hesabu ile ile, na hawezi kuifanya kama chupa haisemi. Naiomba Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilitazame jambo hili. Tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu mwaka 2003, na ni sheria njema, hasa katika nchi ambayo tindikali imewahi kumwagwa kwenye nyuso za watu. Sitaki udhibiti ulegee. Nataka mkulima apate njia halali na ya wazi ya kununua lita moja yenye jina, asilimia na maelekezo ya usalama kwa Kiswahili, maana akikosa njia hiyo ndipo anapokwenda kwenye betri.

Na kwa atakayeishika: asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwani joto litakalotoka linaweza kuirusha usoni. Vaa glavu na miwani. Iwekwe kabatini penye kufuli, si kwenye chupa ya soda, si chini ya kitanda, si mahali watoto wanapofika.

Kupima bikaboneti hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kwa mkulima ambaye ana kalamu nzuri na asidi yenye lebo, njia ninayowafundisha ni ya ndoo. Mimina mililita 10 za asidi yako ndani ya mililita 990 za maji ya mvua au yaliyotokana na mvuke yale ya dukani, upate lita moja iliyozimuliwa mara mia. Chota lita 10 za maji yako ya kisima kwenye ndoo safi. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza ile asidi iliyozimuliwa kidogo kidogo, koroga, subiri, pima, andika, hadi ufike 5.8. Mililita ulizotumia kwenye ndoo ndizo mililita za asidi halisi utakazohitaji kwa tangi la lita 1,000. Namba haibadiliki, kwa sababu umezimua mara mia na tangi ni kubwa mara mia. Kisha iache ndoo wazi hadi kesho yake. pH itakuwa imepanda, kwani kaboni dioksidi imetoka. Shusha tena kidogo, jumlisha. Kama asidi ni ile fosforiki ya asilimia 85, waliotumia chini ya mililita 50 wana maji mazuri na waendelee na raha zao. Waliopita 200 wana jambo la kufikiria kabla ya kununua mbegu.

Kalamu yenyewe isiaminiwe kwa uzuri wa rangi yake. Isawazishwe kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 4 mara kwa mara, na kioo chake cha chini kisiachwe kikauke wala kisihifadhiwe ndani ya maji yaliyosafishwa, bali katika myeyusho wake wa kuhifadhia. Tena usipime maji yakiwa yanatoka tu kisimani. Maji ya chini ya ardhi hutoka na kaboni dioksidi nyingi, yanaweza kusoma 7 pale bombani na kufika 8 yakishapumua kwenye pipa. Muuzaji anayepima palepale kwenye bomba na kusema maji ni safi amepima kitu ambacho hakitakuwepo kesho.

Na kama bikaboneti ni nyingi? Sijawahi kumwambia mtu aache. Namwambia atazame juu, kwenye bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 50 limetoa lita 3,000 kwa hesabu ya karatasi, punguza kidogo za kuosha paa. Mfumo mdogo wa letasi unaishi muda mrefu kwa maji hayo. Ukichanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima, umekata bikaboneti nusu, sodiamu nusu, floridi nusu, na asidi nusu, kwa bei ya gata na simtanki. Sipendekezi mvua tupu. Maji yasiyo na bikaboneti kabisa hayana kizuizi, pH yake inaruka kwa tone moja la asidi. Kiasi kidogo kibaki. Hapa kwetu masika na vuli vyote vinanyesha juu ya bati za watu wanaonunua asidi, na maji yanakwenda mtaroni.

Wapo wanaonipinga, na hoja yao nzito ni hii: bibi zetu wamemwagilia chainizi na mnavu kwa maji haya haya tangu zamani, mbona yalistawi? Ni kweli. Udongo wetu wa volkano una mfinyanzi na mboji vinavyopokea magadi hayo na kuyasawazisha, una vijidudu, una akiba ya chuma. Umefanya kazi hiyo kimya hadi tukadhani haikuwepo. Tukiuondoa udongo, kazi yake yote inahamia kwa mkulima na kalamu yake. Wengine husema wanalima kwenye pH 7 na mambo yanakwenda. Inawezekana, kama chuma chao kimefungwa kwa kemikali iitwayo EDDHA, nacho hakitoki kwenye maji hata pH ikipita 7. Kile cha EDTA, cha bei nafuu, kilichojaa madukani, huanza kuachia ikipita 6.5. Muulizeni muuzaji ni kipi alichowapa. Asipojua, tayari mmepata jibu.

Hoja ya gharama siikubali. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hutolewa kwa kikundi baada ya kuandika andiko la mradi. Andiko linataka idadi ya miche, bei ya soko, faida. Liongezwe hitaji moja: majibu ya kipimo cha maji, bikaboneti na sodiamu zikiwemo, pamoja na maelezo ya kikundi kitazifanyia nini. Ofisa kilimo asiyeweza kuyasoma majibu hayo afundishwe, wataalamu wa mbogamboga tunao hapo Tengeru. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji nazo hupima ukaidi huu wa maji kwa asidi na kuuandika kwenye ripoti, ila ripoti huandikwa kwa ajili ya maji ya kunywa na kwa lugha ambayo mkulima wa Kikatiti haisomi. Mistari miwili ya Kiswahili chini ya ripoti ingetosha: maji haya yanafaa kulimia bila udongo, au hayafai mpaka yachanganywe na mvua.

Na wakati tunasubiri hayo, kuna hazina tunayoipita kila siku. Kila kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufanya kemia kwa vitendo ameshika bureti. Amedondosha asidi kwenye chupa yenye methili oranji akingoja manjano igeuke rangi ya chungwa. Kipimo cha bikaboneti ni jaribio hilo hilo, rangi hiyo hiyo, mikono hiyo hiyo. Nilisimamia wanafunzi wengi wakilifanya vizuri mno kwa ajili ya mtihani, kisha namba zikafutwa ubaoni bila kumfaa mtu. Shule za sekondari za kata zenye maabara na mwalimu wa kemia zinaweza kuwapimia wakulima wa jirani siku za Jumamosi, kwa ada ndogo ya kununulia kemikali, mwanafunzi akijifunza kwa maji ya kweli ya kijiji chake badala ya yale yaliyotengenezwa na mwalimu. Pima mililita 100 za maji ya mkulima, tia matone ya methili oranji, jaza bureti asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Kila mililita moja inayoshuka ni bikaboneti miligramu 61 kwa lita, kwa hiyo ikifika tano unajua umekutana na lile tangi la pili, la miligramu 305.

Mkulima alete chupa safi ya lita moja, aisuuze mara tatu kwa maji hayo hayo anayotaka yapimwe, aijaze hadi mdomoni isibaki hewa, aifunge, aandike juu yake jina la kisima, kijiji na tarehe, na aifikishe shuleni siku hiyo hiyo.